Roma kwa Mfuko Mwepesi: Namna ya Kuuona Mji wa Kale bila Kufilisika

Msafiri anayefika Roma akiwa na fedha kidogo ana bahati ambayo ni adimu katika miji ya kale ya Ulaya, kwa sababu sehemu kubwa ya vitu ambavyo watu huvuka bahari kwenda kuvitazama haina mlango wa kulipia. Kazi nyingi za wasanii Michelangelo, Caravaggio na Bernini zingali katika makanisa yaleyale yaliyoziagiza, chemchemi ziko viwanjani, na magofu ya kale yanaonekana kutoka barabarani. Mji huu hutoza mambo mengine: haraka, kiti, na ukaribu. Anayetaka kuingia leo hii bila kupanga siku, anayetaka kuketi mahali ambapo wenyeji husimama, na anayetaka kula na kulala hatua chache kutoka kwenye jengo mashuhuri, ndiye anayelipa bei kamili. Kwa hiyo karibu kila ushauri unaofuata unahusu saa na kalenda, maana humo ndimo akiba ilimo.

Siku za kwenda

Bei ya chumba mjini Roma hufuata majira kuliko kitu kingine chochote. Kuanzia Aprili hadi Juni, na tena Septemba na Oktoba, vyumba ni ghali kwa kuwa hali ya hewa ni nzuri na mahujaji huchanganyika na watalii wa kawaida. Nafuu hupatikana baada ya tarehe 6 Januari, sikukuu za Noeli na Epifania zikishapita, hadi mwishoni mwa Februari, na pia katika mwezi wa Novemba. Ni kweli kwamba mnamo Januari jua huzama karibu saa kumi na moja jioni na mvua hunyesha mara kwa mara, lakini mtu anayekusudia kuutumia mchana wake makanisani hapotezi mengi kwa mvua. Agosti ina mtego wake: joto ni kali, na ifikapo tarehe 15, siku ya sikukuu iitwayo Ferragosto, wenyeji wengi hufunga maduka na migahawa midogo wakaenda pwani, na aghalabu migahawa inayofungwa ni ile ya bei nafuu.

Kabla ya kukata tiketi ya ndege, tazama Jumapili. Katika Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, makumbusho na magofu yanayomilikiwa na serikali ya Italia hufunguliwa bure, na hali huwa hivyohivyo tarehe 25 Aprili, 2 Juni na 4 Novemba. Makumbusho ya Vatikani, ambayo yako chini ya dola nyingine, hufuata kalenda yake: hayatozi kiingilio katika Jumapili ya mwisho ya mwezi, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana, na mlango wa kuingilia hufungwa saa sita na nusu. Safari inayoanza Ijumaa iliyo kabla ya Jumapili ya mwisho wa mwezi na kuendelea hadi Jumatatu baada ya Jumapili inayofuata huzikamata Jumapili zote mbili, na hilo pekee huokoa fedha nyingi kuliko kujinyima chakula kwa siku tatu.

Kwa anayehitaji viza ya Schengen, ada ya mtu mzima imekuwa euro 90 tangu Juni 2024, na ombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla yake. Bima ya safari inayotakiwa lazima igharamie matibabu ya angalau euro 30,000. Ada hiyo hairudishwi ombi likikataliwa, hivyo ni busara kuweka nafasi ya chumba katika nyumba zinazoruhusu kufuta bila gharama, mpaka pasipoti irudi mkononi ikiwa na viza.

Kutoka uwanja wa ndege

Ndege nyingi hutua Fiumicino, takriban kilomita 30 kutoka katikati ya mji. Mabango yatakuelekeza kwenye treni ya Leonardo Express, ambayo hufika kituo kikuu cha Termini kwa dakika 32 na hutoza euro 14. Katika kituo hichohicho cha uwanja wa ndege kuna treni ya kawaida, ya njia ya FL1, inayotoza euro 8. Hiyo haifiki Termini, bali hupita Trastevere, Ostiense na Tiburtina. Ukishuka Ostiense utatembea kidogo tu kufika kituo cha metro cha Piramide, na ukishuka Tiburtina metro iko papo hapo. Mabasi ya kampuni mbalimbali yanayokwenda Termini ni nafuu kuliko treni zote mbili, ila hukwama kwenye msongamano wa magari, na baada ya safari ndefu wengine huona euro mbili tatu zinazobaki hazistahili saa nzima barabarani. Kama mko watu wanne wenye mizigo, teksi nyeupe zina bei maalumu iliyowekwa na manispaa kwa safari ya kutoka uwanja huo hadi ndani ya kuta za kale za mji. Bei hiyo huandikwa kwenye teksi yenyewe, na ikigawanywa kwa wanne hukaribiana na nauli ya treni ya haraka.

Mjini, tiketi moja ya basi, tramu na metro ni euro 1.50, nayo hudumu kwa dakika 100 tangu ipigwe muhuri. Ndani ya muda huo unaweza kubadilisha mabasi utakavyo, lakini kwenye metro unaingia mara moja tu. Watoto walio chini ya miaka 10 husafiri bure wakiwa na mtu mzima. Tiketi huuzwa katika vituo vya metro na katika maduka ya sigara, ambayo hutambulikana kwa herufi kubwa ya T mlangoni, na unaweza pia kugusisha kadi ya benki kwenye mashine. Tiketi ya karatasi ambayo haijapigwa muhuri ndani ya basi ni sawa na kutokuwa na tiketi, na faini huzidi euro 50, hata kama mgeni ataapa kwamba hakujua. Ama tiketi za siku nzima au siku tatu, zisikuvute kwa urahisi wake: mji wa kale ni mdogo, watu wengi hupanda gari mara mbili au tatu tu kwa siku, na kwa kiwango hicho tiketi za mojamoja ndizo nafuu.

Mahali pa kulala

Kanuni inayofaa ni kulala mahali ambapo unaweza kufika kituo cha metro cha njia ya A au B kwa mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Esquilino na mitaa iliyo kandokando ya Termini haina sifa ya uzuri, lakini ina hosteli nyingi na chakula cha bei ndogo. San Giovanni imetulia zaidi. San Lorenzo ni mtaa wa wanafunzi, wenye kelele usiku na bei nafuu mchana kutwa. Ukivutwa na chumba cha bei ya kutupa kilicho nje kabisa ya mji, kumbuka kwamba rahisi huwa ghali. Metro hufungwa saa tano na nusu usiku katika siku za kawaida, na saa saba na nusu usiku Ijumaa na Jumamosi, na teksi moja ya kurudi usiku wa manane hula akiba ya siku mbili.

Njia ambayo wageni wengi hawaifikirii ni nyumba za watawa. Mashirika kadhaa ya kitawa mjini Roma hukodisha vyumba kwa wasafiri, bila kujali dini yao. Vyumba ni vya kawaida mno: kitanda, meza, msalaba ukutani na usafi usio na kasoro, na mara nyingi kifungua kinywa kimo katika bei. Kikwazo ni kwamba nyumba nyingi hufunga lango usiku, kwa kawaida karibu saa tano, na mtawa mwenye ufunguo hataamka kwa ajili yako.

Popote utakapolala, kuna kodi ya watalii inayotozwa kwa kila mtu kwa kila usiku, na aghalabu haimo katika bei uliyoiona mtandaoni. Kiwango hutegemea aina ya nyumba: hosteli hutoza takriban euro 3.50, na hoteli za nyota tano euro 10. Kodi hiyo huhesabiwa kwa usiku kumi wa mfululizo tu, na watoto walio chini ya miaka 10 hawalipiwi. Watu wawili wanaokaa usiku tano wanaweza kudaiwa euro 60 mapokezini bila kutarajia, basi iweke katika hesabu tangu mwanzo.

Maji, kahawa na mlo

Usinunue maji. Mji una vibomba vya chuma vipatavyo 2,500, vinavyotiririka mchana na usiku, ambavyo wenyeji huviita nasoni, yaani pua kubwa, kwa umbo la mrija wake. Vya kwanza viliwekwa mwaka 1874, na maji yake ni yaleyale yanayokwenda majumbani, safi na baridi hata wakati wa kiangazi. Ukiziba mdomo wa mrija kwa kidole, maji hurukia juu kupitia tundu dogo lililo mgongoni mwake, ukanywa bila kikombe. Karibu na Colosseum, uwanja mkubwa wa kale wa michezo, chupa ndogo huuzwa kwa euro mbili au zaidi. Anayenunua chupa nne kwa siku atagundua kuwa haba na haba, ambayo tumezoea kuisifu kwa kujaza kibaba, hukikausha vilevile.

Kahawa hunywewa kwa kusimama mbele ya kaunta. Humo kikombe hugharimu euro moja na senti kadhaa, lakini kahawa hiyohiyo ikiletwa mezani inaweza kuwa mara mbili, tatu au hata nne ya bei hiyo, hasa nje, kwenye uwanja wenye mandhari. Mimi mwenyewe niliwahi kulipa, kwa vikombe viwili katika uwanja mmoja unaopendwa, fedha ambazo jioni ileile zilitosha kulisha watu wawili nyuma ya Termini. Hakuna aliyenidanganya. Bei mbili zilibandikwa ukutani, moja ya kaunta na nyingine ya meza, nami sikuzisoma.

Mchana, chakula cha mwenye bajeti ni pizza al taglio, inayokatwa kwa mkasi na kuuzwa kwa uzito. Bei iliyoandikwa huwa ya kilo au ya gramu mia moja, kwa hiyo onyesha kwa mkono ukubwa wa kipande unachotaka kabla mkasi haujashuka. Pamoja nayo huuzwa supplì, donge la wali wenye mchuzi lililokaangwa likiwa na jibini inayoyeyuka ndani, na mawili ya hayo humshibisha mtu wa kawaida. Masoko ya mitaa, kama lile la Testaccio, hufungwa alasiri mapema, yakiuza mikate iliyojazwa nyama ya kuchemsha, matunda na jibini. Jioni, tembea dakika kumi kutoka kwenye jengo lolote maarufu kabla ya kutazama orodha ya vyakula, na ukwepe mgahawa wenye picha za vyakula na mtu anayekuita mlangoni. Sheria ya mkoa wa Lazio ya mwaka 2006 ilikataza ada ya meza iitwayo coperto, ila mkate unaweza kutozwa, hivyo kama huutaki sema mapema urudishwe. Bakshishi si wajibu.

Kwa wasiokula nguruwe, tahadhari moja inafaa: tambi tatu kati ya zile nne ambazo Roma hujivunia, yaani carbonara, amatriciana na gricia, hutiwa guanciale, nyama ya shavu la nguruwe. Ya nne, cacio e pepe, ni jibini na pilipili manga tu. Kuzunguka uwanja wa Piazza Vittorio, katika mtaa wa Esquilino, kuna maduka na migahawa ya halali ya wahamiaji kutoka Asia na Afrika, na bei zake ni miongoni mwa nafuu kabisa mjini. Msikiti Mkuu wa Roma, uliobuniwa na Paolo Portoghesi na kufunguliwa mwaka 1995, uko kaskazini mwa mji. Nguzo zake zinazotanuka juu kama matawi ya mti zinastahili safari hata kwa asiyekwenda kuswali.

Makanisa, ambayo ndiyo makumbusho ya bure

Hapa ndipo msafiri mwenye fedha kidogo anapomzidi tajiri mwenye haraka, na ndiyo maana nitakaa zaidi katika sehemu hii. Makanisa mengi hufunguliwa asubuhi, hufungwa karibu saa sita na nusu mchana, na kufunguliwa tena baina ya saa tisa na nusu na saa kumi alasiri. Asiyeijua ratiba hiyo hujikuta mbele ya milango mitatu iliyofungwa, halafu kwa uchovu huingia mahali pa kulipia. Mabega na magoti yafunikwe. Kitambaa chepesi mkobani kinatosha. Pia beba sarafu za senti 50 na za euro moja, kwa sababu vikanisa vya pembeni vyenye michoro mashuhuri huwa na giza, na kijisanduku kilicho ukutani huwasha taa kwa dakika chache ukitumbukiza sarafu. Kama huna sarafu, subiri kidogo: daima atatokea mwingine wa kuiwasha, na nuru yake ni ya wote.

Anza na Caravaggio, maana kazi zake sita zimo katika makanisa matatu ya bure. Katika San Luigi dei Francesi, karibu na Piazza Navona, kuna michoro mitatu ya maisha ya Mathayo, iliyoanzwa mwaka 1599 na kukamilika 1602. Katika ule wa wito wake, mtoza ushuru ameketi mezani na wenzake wakihesabu fedha, na mwanga unaingia kutoka kulia pamoja na mkono wa Kristo ulionyooshwa. Usimame pembeni, uone jinsi mwanga uliochorwa unavyofuata upande wa dirisha halisi la kikanisa hicho. Hatua chache kutoka hapo, katika Sant'Agostino, Bikira Maria amesimama mlangoni mbele ya mahujaji wawili maskini, na nyayo chafu za mmoja wao zimeelekezwa usoni mwa mtazamaji. Mingine miwili, ya kusulubiwa kwa Petro na kuongoka kwa Paulo, ya miaka ya 1600 na 1601, imo katika Santa Maria del Popolo, upande wa kaskazini wa mji wa kale.

Michelangelo naye hahitaji tiketi kwa kila kitu. Sanamu yake ya Musa iko San Pietro in Vincoli, dakika chache kutoka Colosseum, na Kristo aliyeshika msalaba, ya mwaka 1521, iko Santa Maria sopra Minerva nyuma ya Pantheon, hekalu la kale lililogeuzwa kanisa. Mbele ya kanisa hilo la pili kuna tembo mdogo wa mawe, uliobuniwa na Bernini, akibeba nguzo ya Misri mgongoni tangu mwaka 1667. Katika Sant'Ignazio, simama juu ya alama iliyo sakafuni na uinue macho: kuba unaloliona limechorwa tu kwenye turubai na mtawa Andrea Pozzo, kwa kuwa la kweli halikujengwa kamwe.

Basilika nne kuu zote huingiwa bure. Katika San Pietro, yaani kanisa la Mtakatifu Petro, foleni ni ya ukaguzi wa usalama tu, nayo huwa fupi kabisa saa moja asubuhi milango inapofunguliwa. Ndani, upande wa kulia, kuna Pietà, sanamu ya Maria akimpakata Yesu aliyekufa, ambayo Michelangelo aliichonga kabla ya kutimiza miaka 25. Kupanda kwenye kuba hulipiwa, na ngazi ni 551. Lifti hukupunguzia sehemu tu ya safari, kwani hubaki ngazi 320, zenye kona nyembamba zisizofaa kwa mwenye hofu ya mahali pa kubana. Hadhara ya Papa ya kila Jumatano, anapokuwapo mjini, huhitaji tiketi isiyolipiwa, na sala ya Jumapili saa sita mchana haihitaji tiketi kabisa. Mtu yeyote anayekuuzia nafasi katika mojawapo ya hizo anakuuzia kilicho chako. Santa Maria Maggiore, yenye mozaiki za karne ya tano na kaburi la Papa Fransisko aliyezikwa humo Aprili 2025, iko karibu na Termini kiasi kwamba unaweza kuingia hata ukiwa unasubiri treni.

Mahali panapostahili kulipiwa

Colosseum, iliyozinduliwa mwaka 80, hutoza euro 18 kwa tiketi ya kawaida, nayo hujumuisha Jukwaa la Kale la Roma, yaani magofu ya uwanja mkuu wa mji wa kale, pamoja na kilima cha Palatino ndani ya saa 24. Tiketi huuzwa kwenye tovuti rasmi kuanzia siku 30 kabla, zikiwa na jina la mwenyewe, kwa hiyo pasipoti au kitambulisho huhitajika mlangoni. Walio chini ya miaka 18, kutoka nchi yoyote, hawalipi katika maeneo ya serikali. Nafasi za tovuti rasmi zikiisha, matangazo yatakupeleka kwa wauzaji wanaotoza mara mbili au tatu. Wengine huongeza mwongozaji, wengine huongeza bei tu. Ushauri wangu ni kulipa euro 18 siku ya kawaida asubuhi na kuitumia Jumapili ya bure mahali pengine, kwa sababu siku hiyo tiketi za Colosseum hutolewa papo hapo tu na foleni hula nusu ya siku. Nenda badala yake kwenye mabafu ya Caracalla, yaliyofunguliwa mwaka 216, au Ostia Antica, bandari ya kale ambako utatembea katika barabara, ghorofa, vyoo vya umma na maduka ya chakula ya Warumi wa kawaida. Treni ya kwenda Ostia huondoka Porta San Paolo, kando ya kituo cha Piramide, na hukubali tiketi ileile ya euro 1.50.

Pantheon imekuwa ikitoza euro 5 tangu Julai 2023. Lipa bila kusita. Kuba lake la zege lisilo na nondo, lenye kipenyo cha mita 43.3, limesimama tangu enzi za Kaisari Hadrian, na mvua ikinyesha hupita kwenye tundu la juu na kutoweka katika vitobo vya sakafuni.

Makumbusho ya Vatikani ni euro 20, pamoja na euro 5 za kuweka nafasi mtandaoni. Jumapili ya bure ipo, nimeshaitaja, lakini foleni huanza alfajiri na msongamano ndani ya Kikanisa cha Sistina, chenye dari iliyochorwa na Michelangelo, hukufanya utazame visogo zaidi ya dari. Anayekwenda mara moja maishani alipe. Kijana mwenye miguu imara na mkate mfukoni apange foleni. Kuhusu Roma Pass, kadi ya saa 48 hutoa kiingilio cha bure mahali pamoja na ya saa 72 mahali pawili, pamoja na usafiri, lakini haihusu Vatikani na bado hulazimu kuweka nafasi ya Colosseum. Andika kwanza orodha ya utakakoingia, ujumlishe bei, ndipo ulinganishe. Kwa aliyepanga kushinda makanisani, kadi hiyo mara nyingi haijilipi.

Siku moja kwa miguu

Ukitaka kuona jinsi haya yote yanavyoungana, anza Piazza del Popolo asubuhi na mapema, uingie kanisani kwa Caravaggio, kisha ushuke hadi Ngazi za Kihispania. Zina vipandio 135 na zilikamilika mwaka 1725. Ruksa kupanda, lakini kuketi juu yake kumepigwa marufuku tangu 2019 na kuna faini nzito. Endelea hadi chemchemi ya Trevi, iliyoanzwa mwaka 1732 na kumalizwa 1762, inayolishwa na mfereji ambao jemadari wa Kirumi Agripa aliujenga mwaka 19 KK. Sarafu zinazotupwa humo hukusanywa na kupewa shirika la Caritas kwa ajili ya maskini.

Kutoka hapo ni dakika kumi hadi Pantheon, na kutoka Pantheon ni hatua chache hadi San Luigi na Sant'Agostino, ambazo ni lazima uzimalize kabla ya kufungwa mchana. Saa za kufungwa zitumie Piazza Navona, palipo na Chemchemi ya Mito Minne ya Bernini, ya mwaka 1651. Mito hiyo ni Danube, Ganges, Río de la Plata na Naili, na Naili amefunikwa uso kwa kitambaa kwa kuwa chanzo chake kilikuwa hakijulikani. Hakijulikani, yaani, kwa watu wa Roma, maana waliokuwa wakivua samaki katika chanzo hicho hawakuwahi kukipoteza.

Alasiri, panda hadi uwanja wa Campidoglio uliobuniwa na Michelangelo. Usiishie uwanjani. Pita kando ya jengo la manispaa, kulia au kushoto, ufike kwenye kibaraza kinachotazama Jukwaa la Kale lote, kuanzia tao la Septimius Severus hadi Colosseum. Hakuna tiketi wala lango, na jua la jioni huipa mawe hayo rangi ambayo aliye chini, aliyelipa, haioni vizuri kama wewe uliye juu. Halafu teremka barabara ya Fori Imperiali, ambako nguzo ya Trajan ya mwaka 113 na magofu yaliyoizunguka huwashiwa taa usiku.

Kulinda kidogo ulichonacho

Wizi wa Roma ni wa vidole vyepesi zaidi kuliko wa nguvu. Basi namba 64, linalotoka Termini kuelekea Vatikani, na vituo vya metro vya Termini na Colosseo vinajulikana kwa hilo, basi mkoba uwe mbele na simu isikae mfuko wa nyuma. Anayekufunga bangili mkononi akisema ni zawadi atadai fedha mara tu fundo likikaza, na aliyevaa mavazi ya askari wa kale atadai euro 10 kwa picha moja. Mashine ya fedha ikikuuliza kama ungependa kukatwa kwa sarafu ya nchi yako, chagua euro, kwa kuwa kiwango cha kubadilisha kinachotolewa na mashine hiyo karibu daima ni kibaya kuliko cha benki yako.

Usiku wa mwisho, weka kando euro 8 za treni ya FL1 na euro 1.50 za kufika kituoni, zikiwa sarafu, kwa sababu duka la sigara lililo karibu nawe huenda likawa bado limefungwa alfajiri na mashine za kituoni hukataa noti kubwa. Zitakazobaki ni za kahawa ya kaunta.